Kipande cha Mwisho cha Paa

Kwa akili zangu nyingi, niliamua mimi na binti yangu tujenge nyumba ya matofali ya plastiki ya kuchezea kwenye balkoni yetu, ghorofa ya tatu, hapa Umoja. Kipande cha mwisho cha paa kikaniponyoka, kikapenya kati ya vyuma na kutua ndani ya beseni la jirani aliyekuwa akifua chini.

"Jirani, samahani! Kipande chetu kimeingia kwa maji yako!"

"Kipande gani?" akauliza kwa ukarimu wake wa kawaida, huku akimwaga maji yote mtaroni.

Basi nikashuka, mtu mzima mwenye digrii, nikachokora mtaro kwa hanga ya nguo hadi nikakipata. Niliporudi, binti yangu alikuwa ameziba paa kwa kifuniko cha soda.

"Mami, hicho tupa," akasema. "Kinanuka."