Goti la Mama na Neno «Walk»

Daktari wa misheni alisema kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama: atembee kila asubuhi, la sivyo goti litakakamaa na hatapiga magoti tena. Alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa shamba la chai, huko kwetu Tetu, miaka michache baada ya Uhuru. Habari za kuchuma chai hakuziulizia. Lililomtia hofu ni magoti, kwa sababu mezani pa Bwana hakuwahi kupokea akiwa amesimama.

"Nitembee nikienda wapi?" aliuliza. Daktari akasema popote. Mama alimtazama kwa huruma.

Alijaribu siku tatu, kutoka langoni mpaka barabarani na kurudi, mikono mitupu. Siku ya kwanza jirani alimuuliza kama ng'ombe amepotea. Siku ya pili walikuja wawili kumsaidia kumtafuta. Siku ya tatu mzee wa kanisa alifika kuuliza kama kuna ugomvi nyumbani. Mama akaketi, na goti likaanza kukakamaa.

Mimi nilikuwa mwalimu, na nilikuwa na kamusi nene ya Kiingereza niliyoachiwa na mwalimu mkuu aliyehama. Jioni, baada ya Maandiko, nilitafuta «walk», neno alilotumia daktari, nikitumaini kwamba nilitafsiri vibaya. Nikakuta kwamba hapo kale neno hilo lilikuwa la kubingirika na kurushwarushwa, kama mawimbi. Tena kuna Waingereza waliolitumia kwa kazi ya kukanyaga kitambaa kipya cha sufu ndani ya maji, mpaka nyuzi zishikane. Nilimsomea mama.

"Hao walikuwa watu wa maana," akasema. "Lete karai."

Nilitia maji ya moto, sabuni na blanketi. Alikanyaga huku ameshika nguzo ya ghala, machozi yakimtoka, akiimba. Blanketi zetu tatu alimaliza kuzikanyaga siku hiyo hiyo, kwa hiyo majirani wakaleta zao. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Jumapili ya Pasaka alipiga magoti, polepole, akapokea. Wenzake waliinuka, yeye akabaki. Nikadhani goti limegoma, nikaenda kumshika kwapani.

"Mwalimu, rudi ukae," alininong'oneza. "Sijamaliza kushukuru."

Nilirudi nikakaa. Mchungaji alingoja na kikombe mkononi, na kanisa zima likangoja.