Mama Yetu wa Tutani

Watu wa Unyambwa walimwita Lea "Mgogo", naye akaitika bila kinyongo, kwani Mgogo alikuwa kweli. Alizaliwa karibu na Manyoni, akaolewa na Mazengo, kibarua wa reli, na reli ilipopanda kuja Singida nao wakapanda nayo. Hapo Unyambwa, nje kidogo ya mji, Mazengo akapewa kijumba cha mawe juu ya tuta, akaambiwa akae humo na kuangalia kipande chake cha reli. Kazi yake ilikuwa kung'oa majani, kugongea misumari iliyolegea, na kufukuza ng'ombe wa Wanyaturu waliopenda kulala kwenye reli.

Halafu ikaja vita ya Wazungu na reli ikang'olewa. Wengine walisema chuma kinatakiwa kwingine, wengine wakasema haikuwa na faida. Mazengo mwenyewe alikuwa katika kundi la kuing'oa, na kila jioni alirudi nyumbani kimya kama mtu anayetoka kubomoa nyumba yake. Haukupita muda homa ikamchukua. Mtoto hawakujaliwa. Lea akabaki na kijumba, na tuta refu lililonyooka, lisilo na kitu juu yake.

Waliomzika Mazengo ni watu wa bondeni, wakiongozwa na Gaspari, mkulima wa vitunguu. Wagogo na Wanyaturu ni watani, na mazishi ya mtani bila utani si mazishi. Gaspari aliingia kaburini akajilaza chali, akadai kwamba hapo ni mahali pake na Mgogo atafute pengine. Lea alicheka machozi yakimtoka, na tangu siku hiyo hakutaka tena kusikia habari ya kurudi kwao. Alifuga kuku, akalima uwele kidogo pembeni mwa tuta, akazeeka taratibu.

Sasa, Unyambwa ya siku zile ilikuwa na pande mbili. Bondeni walikaa wenye jembe la mkono. Kilimani walikaa wenye mapaa ya bati, na mkubwa wao alikuwa Mughwai. Mughwai alikuwa na ng'ombe wengi hata akawagawa walale katika mazizi ya watu wengine, kama ilivyo desturi ya wenye mali huko, na alikuwa na lori aliloshirikiana na mfanyabiashara wa mjini. Zamani alipenda sana kuyataja hayo. Lilipokuja Azimio la Arusha, na maneno kama bepari na kabaila yakaanza kusikika hata kwenye vilabu vya pombe, ghafla Mughwai akawa maskini. Alianza kuvaa shati lenye kiraka. Mke wake Kristina alisema kiraka kile kilishonwa juu ya shati zima.

Ulikuwa mwaka wa sitini na nane alipokuja afisa kutoka mkoani, bwana mmoja mpole aitwaye Hussein, akaitisha mkutano kwenye kiwanja cha shule. Alisema kuna wazo la kurudisha reli juu ya tuta la zamani. Si gari moshi kubwa, alieleza, bali gari dogo la dizeli lenye mabehewa mawili, la kuchukua watu na mazao na kuwashusha mjini. Kituo kimoja kingekuwa pale pale Unyambwa. Lakini serikali haitaki kuwalazimisha wananchi, alisema, kwa hiyo waseme wenyewe.

Wakasema. Gaspari alisimama wa kwanza akaeleza jinsi vitunguu vya bondeni vinavyopandishwa mjini kwa kichwa na kwa baiskeli, na vingine kuoza vikingoja mtu mwenye shingo nzima. Akakaa, wa bondeni wakampigia makofi. Watu wa Kilimani walikuwa na majibu mengi. Ng'ombe watakanyagwa. Wezi watapanda mjini na kushuka hapa. Kelele zitawasumbua wazee. Mmoja alisema hata kuku wataacha kutaga, na hapo akina mama waliokaa chini kwenye mikeka waliguna, maana mwenyewe hakuwa na kuku hata mmoja.

"Lakini ndugu zangu," Hussein akauliza, "ninyi wa huku juu mizigo yenu mnaipelekaje?"

"Mizigo gani, Ndugu Afisa?" Mughwai akajibu, akikitanguliza kile kiraka. "Sisi tuna nini? Mimi zizini kwangu nina ng'ombe watatu, na wamekonda."

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Afisa mwenyewe aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Mughwai akaona njia hiyo imefungwa, akatafuta nyingine, na maskini, akaipata.

"Tuache mali, tutazame utu," alisema, na sauti yake ikalainika. "Pale tutani anaishi mama yetu. Mjane, hana mtoto, hana ndugu. Huyo ni mama yetu sote, nami namwita mama yangu mbele yenu na mbele ya serikali. Reli ikija, mama yetu tutamtupa wapi? Ni ujamaa gani huo wa kumtupa mama?"

Lea aligeuka kutazama nyuma, aone ni bibi gani aliyeingia mkutanoni. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni yeye. Miaka yote hiyo Mughwai alikuwa hajawahi kukanyaga mlangoni kwake, hata kumwomba maji.

Maneno yale yalifanya kazi. Hata wa bondeni waliinamisha vichwa, kwa kuwa walimpenda Lea na kweli hawakuwa wamefikiria atalala wapi. Yeye mwenyewe alikuwa amefikiria. Tangu fununu za reli ziliposikika, usiku kucha alikuwa akifikiria. Reli ikija atatoka tutani, na mwanamke mgeni asiye na ukoo hapo hana wa kumkatia ardhi. Kumbe alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya tu, mikono mapajani, na kijumba chake kingebaki. Alijaribu. Alikaa kimya mpaka Gaspari alipomtazama kutoka upande wa wanaume, bila lawama yoyote, akatikisa kichwa kidogo kama kumwambia basi, si neno, mama, tutaendelea kubeba. Hapo Lea akashindwa kukaa. Hasira ilimpanda, na hasira hiyo haikuwa ya tuta. Ilikuwa ya kufanywa ngao na mtu asiyejua hata mlango wake unatazama wapi.

"Nawasalimu wote," alisema akisimama, akishikilia bega la jirani yake. "Mimi ni mtani wenu, kwa hiyo mniache niseme, na asiwepo wa kukasirika. Huyu Mnyaturu hasemi uongo. Zizini kwake wamo ng'ombe watatu. Wengine wote amewatuma matembezi!"

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Mtani hakasirikiwi, kwa hiyo Mughwai naye akacheka, ingawa meno yake hayakuonekana vizuri.

"Tuta si langu," Lea akaendelea. "Nimelala juu yake kama mgeni ambaye mwenyeji wake amesafiri. Mwenyeji akirudi, mgeni anakunja mkeka. Hawa wa bondeni ndio waliombeba mume wangu, nami sitakubali kuwa jiwe la kuwazibia njia. Reli ije. Ila wewe Mughwai, kama mimi ni mama yako, nikatie mahali. Pale kwenye ardhi yako, upande wa juu wa kisima, palipolala bure. Utanipa?"

"Nitakupa, mama!" Mughwai akapaza sauti, akitaka kicheko kirudi upande wake. "Hata kesho nitakupa!"

Watu walipoambiwa wanaotaka reli wasimame, walisimama wengi, na baadhi yao walikuwa wake wa Kilimani. Hussein akashukuru, akasema ataleta jibu.

Jibu halikuja. Masika yakapita, kiangazi kikapita, na aliyekwenda mkoani kuuliza aliambiwa serikali ina mambo mengi. Gaspari akanunua baiskeli nyingine. Lea alihuzunika, hakuficha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusikia lile gari masikioni mwake. Lakini kulikuwa na neno moja la siku ile lililokuwa halijafa, na lilikuwa lake. Mvua za kwanza zilipogusa ardhi alichukua panga, akapanda Kilimani.

"Mtani wangu huyo!" Mughwai akamlaki uani.

"Mtani yupi?" Lea alijibu. "Mama yako nimekuja. Nionyeshe mahali pangu."

Mughwai akacheka, halafu akaona anacheka peke yake. "Lakini reli haijaja, mama. Tuta lako si lipo?"

"Mama hapewi mahali kwa sababu reli imekuja. Anapewa kwa sababu ni mama."

"Aa, yale yalikuwa utani tu. Wewe mwenyewe ndiye uliyeanza!"

"Nilianza mimi, nikiwa mtani. Wewe ulikuwa umeshaniita mama, mbele ya watu na mbele ya serikali. Mtu hamtanii mama yake, Mughwai, na mama hamtanii mwanawe. Utani uliuzika wewe mwenyewe pale kiwanjani. Kama unataka kuufufua, sawa. Jumapili watu wakitoka kanisani nitasimama kama mtani wako, nimalizie hesabu ya wale ng'ombe walio matembezini, maana siku ile niliishia njiani. Na lile lori nalo sikulitaja. Ukitaka niwe mama, nionyeshe mpaka. Chagua, mimi sina haraka."

Akakaa kwenye gogo. Jikoni Kristina, ambaye alikuwa amejibana muda wote, alishindwa, kicheko kikamtoka puani pamoja na moshi. "Mpe mama yako mahali, baba," alisema. "Hata mimi siku ile nilikusikia."

Mughwai alikuwa mwenye choyo, lakini hakuwa mtu wa kukana neno alilolisema hadharani. Huko kwao aliyekana neno namna hiyo hakai tena na wazee. Alinyanyuka, akachukua panga lake, akakata matawi ya minyaa, ile inayoota ikichomekwa tu, kwenye ua wake mwenyewe. Tawi la kwanza la mpaka alilichomeka yeye, Gaspari na wengine wawili wakishuhudia. Watu wa bondeni wakaja na miti na udongo, pombe ikapikwa, na tembe la Lea, nyumba ya paa bapa la udongo, likasimama kabla uwele haujatoa masuke. Kijumba cha tutani kikabaki na mijusi.

Misimu miwili baadaye minyaa ilikuwa imefika kiunoni, ikaacha uwazi mmoja wa mlango. Asubuhi moja Lea alikuwa ndani akipepeta uwele, akasikia sauti nje.

"Hodi!"

Hakuitika. Pale tutani palikuwa njia ya watu wote. Walipita mlangoni pake na mizigo na mbuzi wao, wakamsalimu wakiwa wanatembea, wala hapakuwa na mahali pa kusimama mtu akabisha. Alidhani anaitwa jirani.

"Hodi, mama!"

Akachungulia. Mughwai alikuwa amesimama nje ya minyaa, kibuyu cha maziwa mkononi, akingoja. Uwazi ule angeweza kuuvuka kwa hatua moja, na ardhi ile ilikuwa yake tangu kwa babu zake. Hakuvuka. Lea aliweka ungo chini, akajipangusa makapi kwenye khanga, akatoka hadi kwenye uwazi wa minyaa.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."