Baiskeli Nisiyojua Kuiendesha

Iliibiwa mchana kweupe, mbele ya mashine ya kusaga pale Mpemba, wakati mimi niko ndani nabishana na mwenye mashine kuhusu pumba zangu. Nilipotoka na ndoo ya unga, ukutani nilipoiegemeza palikuwa patupu. Watu wa kwenye foleni walinipa pole. Mmoja akaniambia ninunue nyingine, siku hizi zimejaa madukani. Nilimjibu vibaya, na sitarudia hapa nilivyomjibu.

Baiskeli ile ilikuwa ya mke wangu, na mke wangu nilikuwa nimekwisha kumzika kwetu Mbozi, pembeni ya shamba la kahawa. Mungu hakutujalia mtoto. Baada ya matanga niliwaachia ndugu zangu shamba, nikaja kupanga chumba Mpemba, mahali ambapo hakuna anayenijua, maana nilikuwa nimechoka kupewa pole kila nikitoka mlangoni. Vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi, nguo kwa dada zake, vyombo kwa dada zangu. Baiskeli niliikatalia. Shemeji yangu aliniuliza, "Sasa wewe shemeji utaifanyia nini?" Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu sijui kuendesha baiskeli.

Ndiyo, mtu mzima na mvi zangu, sijui. Nikiwa kijana nilijaribu mara moja, nikaingia nayo korongoni, nikaapa sirudii tena. Mwenzangu alikulia Isongole, na tangu usichana wake alikuwa anabeba magunia ya mahindi kwa baiskeli kwenye vilima vya kule. Kwa hiyo tulipooana yeye ndiye aliyeendesha, mimi nikakaa nyuma kwenye keria. Kanisani, mnadani, msibani, kote nilipelekwa. Wanaume wa kijijini walinicheka mpaka wakachoka. "Mtazameni bwana harusi anavyosafirishwa!" Mimi nikawapungia mkono, kwa sababu wao walikuwa wanatembea na mimi nimekaa.

Kule Mpemba nilikuwa naisukuma tu. Nafunga debe la mahindi au dumu la maji, naisukuma, jioni naifuta vumbi na kuiingiza ndani. Mara nyingine nilizungumza nayo. Hakukuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

Niliiona tena Tunduma mjini, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Ilikuwa imebebeshwa tenga la nyanya. Sikufikiri hata kidogo, niliidaka keria kwa nyuma kwa mikono miwili nikasema, "Baiskeli yangu hii."

Kijana aliyeshika usukani aligeuka. "Mzee, umeifananisha. Hii nimeinunua mnadani, kwa jasho langu."

Watu wakaanza kusogea, na mmoja akauliza kwa sauti, "Mwizi yuko wapi?" Swali lile lilinitisha, kwa sababu najua huwa linaishia wapi. Nikapiga kelele kwamba hapa hakuna mwizi, tunakwenda kituoni. Tukaenda hivyo hivyo, yeye kashika usukani, mimi nimeng'ang'ania keria, nyanya zikiwa katikati yetu, na hakuna aliyekubali kuachia kwanza.

Kituoni askari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole lakini amechoka.

"Baba, una risiti?"

Sikuwa nayo. Tuliinunua kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, tukapeana mikono basi. Kijana naye hakuwa na risiti.

"Haya. Baba, nani anaweza kuja hapa aseme amewahi kukuona na baiskeli hii?"

Nilifungua mdomo nikakuta sina wa kumtaja. Mwenye nyumba wangu anaishi Mbeya. Majirani tulikuwa tunaamkiana, kila mtu na njia yake, na wa pale mashineni sikumjua hata mmoja kwa jina. Wa kijijini ningewaita, wangekuja na pole zao, na hizo ndizo nilizozikimbia. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayenijua, nikawa nimepapata kwelikweli. Sijawahi kujiona mpweke kama nilivyojiona mbele ya kaunta ile, hata siku ya mazishi.

Askari alitutoa nje, nyanya zikashushwa barazani. "Kila mmoja aiendeshe kidogo nimwone." Kijana alipanda, akauzunguka uwanja kwa mkono mmoja, akashuka kabla haijasimama. Ikawa zamu yangu.

"Afande, mimi sijui kuendesha."

Askari waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Baba, unadai baiskeli usiyoweza kuiendesha?"

"Nilikuwa nabebwa."

"Na nani?"

"Na mke wangu."

Hapo benchi zima lilivunjika mbavu. Nilitamani niwatukane wote, sare zao na benchi lao. Askari akawanyamazisha kwa mkono. "Basi mama aje, atueleze."

"Alishafariki."

Kijana alinitazama, kisha akaitazama baiskeli. "Mzee, kaa nyuma," akasema. Sikujua kama ananidhihaki au vipi, lakini nilikaa, upande upande kama nilivyozoea. Akasukuma, akapanda. Baiskeli ikayumba, na mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe chini ya siti, ukashika. Pale chini kulikuwa na kipande cha nondo kilichopindwa. Mke wangu alimpelekea fundi akichomelee, ili niache kumvuta gauni kila tukiteremka mlima.

Kijana alibana breki, akageuka, akainama kuutazama mkono wangu.

"Kumbe ndiyo kazi yake! Tangu niinunue najiuliza hiki chuma ni cha nini. Kimenichania suruali." Akashuka. "Afande, mpe mzee baiskeli yake."

Askari alimhoji kuhusu mtu aliyemuuzia, akaahidi kufuatilia, ahadi ambayo sote watatu tulijua uzito wake. Nilimwonea huruma kijana yule, kwa maana na yeye alikuwa ameibiwa. Hakulalamika. Aliniuliza nakaa wapi, nikamwambia Mpemba. "Huko ni mbali kusukuma, baba. Panda nikufikishe, mimi nitarudi na bajaji, nyanya zangu zitaningoja."

Nikapanda. Malori yalikuwa yanatupita na upepo wao, nikafumba macho kwa sababu ya vumbi. Pedali ya kushoto ililia kama ilivyokuwa inalia siku zote. Mgongo ulikuwa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mke wangu nilijisikia vizuri. Nilikuwa mtu anayepelekwa mahali. Mteremko ulipoanza, kijana akaiachia baiskeli ikimbie, na mimi, nimefumba macho, nikasema nilichokuwa nasema maisha yangu yote ya ndoa: "Punguza mwendo, mama, utaniua."

Kwa maneno hayo mke wangu alikuwa na jibu moja tu. "Unaogopa? Shuka utembee." Alinijibu hivyo kwenye kila mteremko wa Mbozi, na hata siku moja hakupunguza. Nililisubiri jibu lile. Sisemi kwa kutia chumvi, nililisubiri kabisa.

"Sawa, baba," kijana akaitikia kwa adabu, akabana breki.

Kaburini sikulia, watu walinisifu. Nililia pale, nyuma ya mgongo wa mtu nisiyemjua, kisha nikamwomba asimame. Aliniuliza kama nimeumia mahali. Nikamwambia hapana mwanangu, nenda kaangalie nyanya zako, niachie usukani, kuanzia hapa nitatembea.