Papa Inapte

Mwanangu, nianze na upumbavu wangu, ili ukicheka ucheke mapema, tubaki na nafasi ya kuongea. Mimi niliyesoma kwa mapadri miaka mingi kuliko mtu yeyote wa kilima chetu, nilisoma neno moja la Kifaransa kwa uongo mbele ya watu, na kwa ajili ya neno hilo nusura watoto wangu walale njaa msimu mzima.

Siku hiyo naikumbuka hadi rangi ya mawingu yake. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, nami nilikuwa nimetoka Walikale, kwenye kampuni moja ya kuchimba mawe ya bati, ambako nilikuwa karani. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Hata sokoni lazima nisukumwe mgongoni. Safari moja tu ndefu nilifanya maishani, siku kadhaa kwa miguu ndani ya pori, na huko huko kichwa kikaharibika.

Kiliharibika polepole. Usingizi ulitangulia kuondoka. Kisha nikaanza kusikia watu wakinong'ona jina langu ndani ya mvua, na kule Walikale mvua haijui mapumziko. Nikaacha kula, nikidhani mpishi ananichukia, kumbe alikuwa hajui kupika tu. Mwishowe wachimbaji walinikuta nimekaa mtoni na viatu vyangu, maji yananifika kifuani, nalia. Wakanitoa majini. Daktari wa kampuni akanitazama siku tatu, akaandika, nami nikagongewa muhuri kwenye buku, kile kitabu ambacho kila mwanaume wa wakati ule alitembea nacho, chenye jina lake, kazi yake na kodi yake. Muhuri ulisema: Inapte. Maana yake, mtu asiyefaa kwa kazi.

Nikarudi kwetu Masisi. Majirani wakajaa uani kunisalimu, na mmoja akaifungua buku yangu. Kifaransa hakuna aliyekijua.

"Hapa waliandika nini, Papa?"

Nikalitazama lile neno. Nikamtazama Furaha, mke wangu, amesimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani, uso wote unacheka kwa kuwa nimerudi.

"Inapte ni cheo," nikasema. "Ni karani mukubwa, kampuni inamupumuzisha kwanza, halafu itamuita."

Basi! Tangu siku hiyo nikawa Papa Inapte, maana kwetu kila baba huitwa Papa. Nikipita njiani vijana wanavua kofia. Kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nilipewa mrija kabla ya wazee: "Inapte akunywe kwanza!" Hebu fikiri, watu wanakuita asiyefaa kwa heshima zote, na wewe peke yako ndiye unayeelewa. Nilicheka pamoja nao, kisha nikaingia ndani nikalala nimeelekea ukuta.

Maana ugonjwa nilirudi nao. Siku nyingine nililima vizuri hadi jioni. Siku nyingine jembe lilikuwa zito kama gogo, na ile minong'ono ikinifuata hata jua likiwaka. Na pesa hakuna. Hofu ya pesa ilininyima usingizi. Bila usingizi kichwa kilichafuka. Kikichafuka siwezi kushika jembe. Jembe likilala, pesa inazidi kuwa mbali. Nilizunguka humo kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, amemaliza nyasi, sasa anakula udongo. Zilikuwapo asubuhi nilizotamani zisinikute. Nakuambia hili wazi kwa sababu mimi sikuambiwa na mtu, nikadhani niko peke yangu duniani.

"Kampuni itakuita siku gani?" Furaha alikuwa ananiuliza.

"Iko karibu."

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma.

Kisha ukafika wakati wa kodi. Kapita, mtu wa mwami, yaani chifu wetu, akapita nyumba kwa nyumba na orodha yake. Kwangu alivua kofia.

"Papa Inapte, wewe utalipa wa kwanza, wadogo waone mufano. Wagonjwa tu wanaachiwa, wakionyesha maandiko ya munganga. Wengine wote, walipe ao waende gerezani."

Mwanangu, maandiko hayo ya daktari yalikuwa mfukoni mwangu, pamoja na muhuri. Nilitakiwa kufungua mdomo tu, niseme mimi ni mgonjwa. Nikasema, "Nitalipa."

Furaha alisikia yote. Baada ya siku mbili nikamwona anateremka shambani na mchuuzi wa kutoka Sake. Nikawafuata. Alikuwa anamuuzia maharagi yetu yakiwa bado na maua, shamba zima, kwa bei anayotaka mchuuzi. Hayo maharagi ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto hadi mavuno mengine. Mchuuzi anapima mistari kwa hatua zake ndefu, Furaha anamfuata nyuma, mikono imefungwa kifuani.

Kwenye shamba la pembeni walikuwapo wanawake wanapalilia, na kati yao Mama Mapendo, jirani yetu, mjane ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango. Akainua kichwa.

"Weye Furaha! Unauza maharagi ingali maua? Na pesa ya bwana yako Inapte iko wapi?"

"Iko njiani," Furaha akajibu. "Haiyafika tu."

Alikuwa ananikinga. Anauza chakula cha watoto wake, na bado ananikinga. Nikakaa chini katikati ya maharagi.

"Haiko njiani," nikasema. "Furaha, walinifukuza. Inapte haiko cheo, ni mutu mwenye hafae. Niko mugonjwa wa kichwa. Nasikia watu wenye hawako."

Kule pembeni wanawake wakaegemea mipini ya majembe. Mchuuzi akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Furaha akamgeukia.

"Papa, rudi Sake. Maharagi haiuzwe."

Kisha akakaa chini karibu nami, akanishika mkono, watu wote wakiona. "Ugonjwa niliujua," akasema. "Ninalala na wewe kila siku, ninakosa kujua namna gani? Nilingojea useme."

Tukaenda pamoja kwa kapita, nikamsomea muhuri, safari hii kwa ukweli. Mwaka ule nikasamehewa kodi, na maharagi tukayala sisi. Ugonjwa haukuondoka. Tuliteremka hospitalini Kirotshe, muuguzi mmoja akanisikiliza bila kucheka, akasema nirudi mara kwa mara, nikarudi. Siku nzuri niliwaandikia majirani barua, wakanipa chumvi na ndizi. Siku mbaya nililala, na Furaha akawaambia wanaonitafuta, "Leo anaumwa," kama vile angesema nina homa.

Wewe ambaye kazi imekutoka mkononi na kichwa hakikupi amani, nisikilize. Usikae peke yako na hayo mawili. Yakikukuta peke yako yanalishana. Mtafute mtu mmoja umwambie ukweli, na umwambie kabla nyumba haijaanza kuuza chakula chake. Mganga akikuandikia karatasi ya kukusaidia, itoe mfukoni. Fanya kazi ndogo siku unayoweza, na siku usiyoweza usijitukane. Siku utakayotamani asubuhi isikukute, hiyo usiingojee iishe: amka umwamshe mtu. Mungu akurudishie usingizi, akupe wa kukaa karibu nawe shambani, na mikono yako isikose cha kushika.

Na kama nimekuchosha, chukua ya Mama Mapendo, maana yeye hazungushi maneno. Miaka ilikuwa imepita, nami nilikuwa nimejifungia siku ya tatu. Akaja akapiga mlango kwa mpini wa jembe:

"Papa, unalala sababu uko mugonjwa, ao sababu uko na haya? Kama iko ugonjwa, tutakuletea uji. Kama iko haya, toka inje, majani inakula shamba."