Mkeka Mweupe wa Mkaza Mjomba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mimi shule sikukaa sana, kwa hiyo nasema kama ninavyojua. Harufu ya ukindu unaochemshwa na rangi ikinipitia puani, mwili unanisisimka mpaka leo. Inanirudisha Kiongoroni, kijiji chetu cha mtoni, masika yale nikiwa mtoto wa kutumwa maji, mto umepanda rangi ya matope, na mikoko imenyamaza kama inayosikiliza jambo.

Mjomba Shabani alioa Nyamwage, kule barabarani, kwa watu wa jembe wasiojua ukindu. Alipoingia mikokoni kukata boriti, Zuhura, mkewe, yaani mkaza mjomba wangu, aliapa kwamba mume atarudi amkute ameshona mkeka wake wa kwanza. Basi kila alasiri wanawake wakikaa barazani kusuka kili, ile mikanda myembamba inayoungwa ikawa mkeka, naye yumo, jicho kwenye ukili wa mama yangu, anafuata nakshi. Ukili wake mara unapanuka, mara unasinyaa. Mama, ambaye ni wifi yake, hakumwachia. "Wifi, huo ukili au njia ya kaa?" Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Alipouliza rangi inaingizwaje, akajibiwa kwamba labda kwao Nyamwage mikeka huota mitini. Tukacheka tena. Mwisho akaacha kuuliza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Bibi yangu, mkwe wake Zuhura, alikuwa ndani na homa siku zote hizo. Alipotoka nje kuja barazani na mkongojo wake, mkaza mjomba akamletea mkeka uliokamilika. Safari hii ulinyooka. Lakini ulikuwa mweupe wote. Rangi ilimshinda, akaona bora aiache. Hakuna aliyecheka. Kwetu mkeka usio na rangi husukwa kwa ajili ya maiti, na mwenye mtu wake safarini hauanzi kamwe. Bibi aliutazama mto kwanza, kisha akamtazama mama.

"Hakuuliza?"

Mama akainamisha kichwa, akasema aliuliza.

"Mkamcheka mpaka akaogopa. Haya, fumueni."

Zuhura akaukumbatia mkeka wake, analia kwamba ni wa mumewe, haufumuliwi. Wakiwa bado wanambembeleza, mitumbwi ikaonekana inakuja polepole. Mti ulikuwa umemwangukia mjomba. Mkeka mweupe uliokuwa tayari pale nyumbani ni huo tu, akalazwa juu yake. Sisemi mkeka ulimwita; ajali ya mja anaijua Mola. Ila Zuhura alikaa eda akiamini ni kazi ya mikono yake, na hakuna maneno yaliyomtoa hapo, si ya shehe wala ya bibi. Mama naye hakumtania mtu tena mpaka anaingia kaburini.

Siku hizi niko Kibiti. Mikeka tunanunua ya plastiki, na wajukuu zangu wanajifunza kushona mashuka ya viraka kwa kufuata video za kwenye simu. Juzi mdogo wao alishona kiraka ndani nje. Wenzake wakaangua kicheko, wakampiga video. Mtoto akacheka nao, kisha nikamwona anakikunja kiraka chake bila kuuliza kakosea wapi. Nikawaambia wazime simu. Humu ndani mwangu anayejifunza hachekwi kabla hajaonyeshwa alipokosea. Na anayetaka kucheka aketi chini kwanza, afumue pamoja naye.