Jina la Mwenye Mtumbwi

Nianze na aibu yenyewe, tusipotezeane muda. Nilikuwa nimekaa mkekani, kanzu ya kuazima mwilini, mkono wa bwana harusi nimeushika, kipaza sauti mdomoni. Nawaambia watu waliojaa uwanja mzima kwamba mimi ni baba mdogo wa bibi harusi, damu moja, babu mmoja. Kutoka ndani, kwa wanawake, bibi kizee akapaza sauti:

"Muongo!"

Kipaza sauti nilikuwa nacho mimi, lakini aliyesikika mpaka kwenye maboti ni yeye.

Sasa ngoja nieleze nilivyofika pale, maana mtu hakai kwenye mkeka wa ndoa ya watu kwa bahati mbaya.

Baba yangu alifariki mimi bado natambaa. Mama akanilea Kibiti, kwao, na kitu pekee nilichorithi kwa baba ni jina la ukoo. Sitaliandika hapa, wenye nalo ni wengi na kila mmoja ana mdomo. Shule nzima Kibiti nilikuwa nalo peke yangu, na watoto walikuwa wakinicheka eti jina gani hilo, la samaki? Nikaishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nusu.

Nikiwa kijana nikaenda Mbuchi kutafuta kazi ya kununua kaa kwa wavuvi. Mtu wa kwanza niliyekutana naye pale tunaposhukia kwenye boti akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaruka: "Aa! Kumbe wetu huyu!" Nikapelekwa nyumbani, nikawekewa wali na kamba wa nazi. Sikuuliza wetu kivipi. Mtu akikuwekea wali na kamba wa nazi, wewe unaanza kumuuliza nasaba?

Baada ya miezi wakanipa kiwanja, nikajenga. Wakanikatia na kipande cha shamba la mpunga. Mimi nikajiona mtoto wa ukoo mkubwa. Siku ya kuandikishwa vitambulisho, karani, mtu wa bara, aliita lile jina, benchi zima likasimama.

"Nyie wote baba mmoja?" akauliza.

"Babu mmoja," nikajibu mimi, wala sikuulizwa peke yangu. "Alikuwa mkubwa wa eneo hili. Jina maana yake mkuki. Alikuwa anaua simba."

Wenzangu wa kwenye benchi wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mimi nikadhani vumbi.

Simba yule nilimuua miaka na miaka. Kila nikisimulia anaongezeka urefu.

Basi, tuje kwenye harusi. Kwetu binti haozeshwi na yeyote mwenye kanzu. Anaozeshwa na walii: baba yake, na kama baba hayupo, mwanamume wa damu ya upande wa baba. Baba wa huyu binti, ndiye yule aliyeniita "wetu", alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni baba yake mdogo, anakaa Mbwara. Asubuhi ya harusi simu ikaja: baba mdogo kaanguka na bodaboda, mguu umevunjika, hatoki kitandani. Wazee wakaanza kunong'ona kuahirisha. Upande wa bwana harusi wametoka Kibiti kwa gari na boti, na boti lazima liondoke maji hayajakupwa, yakikupwa linakaa kwenye tope mpaka yajae tena. Binti ndani ameshaanza kulia.

Nikasema, "Ya nini kuahirisha? Mimi si nipo?"

Wallahi nilisema kwa nia njema. Binti yule nilimbeba mgongoni akiwa mdogo. Wazee wawili wakataka kusema neno, lakini shehe, ambaye naye alitoka Kibiti na hajui koo za huku, alishaniita mkekani. Na mimi nikiitwa mbele za watu sichelewi.

Ndipo ile "Muongo!"

Bibi akatoka mpaka mlangoni, kashikilia fremu. Ni nyanya wa bibi harusi, shangazi wa marehemu baba yake.

"Shehe, huyo nampenda, lakini si damu yetu," akasema. "Baba yake nilimpokea mimi kwa mikono hii. Nilikuwa msichana, nimekaa kwenye mtumbwi wa baba yangu."

Akasimulia kama anayesimulia jana. Baba yake alikuwa na mtumbwi, na kazi yake ilikuwa kuwavusha wanawake wenye uchungu kutoka visiwani kwenda kwa mkunga. Alikuwa hatumii kasia, anasukuma kwa upondo, ule mti mrefu, mpaka watu wakamwita kwa jina la upondo kwa lugha ya zamani ya huku. Ndiyo maana ya jina letu. Hakuna mkuki, hakuna simba. Wengine walifika kwa mkunga, wengine maji yaliwakupwia njiani, mtumbwi ukakwama kwenye mikoko, mtoto akaamua kutoka humo humo. Aliyezaliwa mtumbwini alipewa jina la mwenye mtumbwi. Ilikuwa ndiyo shukrani yenyewe.

"Bibi yako alikuwa mpita njia," akanigeukia. "Hapakuwa hata na kitambaa. Baba akavua shuka yake akamviringisha baba yako, yeye akarudi na kaptura. Nusu ya wenye jina hili hapa walizaliwa kwenye tope."

Nikageuka kuwaangalia wale wa benchi. Wote wanatazama chini, mabega yanatikisika. Walikuwa wanajua siku zote! Wameusikiliza mkuki wangu miaka yote hiyo na hakuna aliyenikatisha.

Shehe akautoa mkono wa bwana harusi kwenye mkono wangu, taratibu, kama anatoa kitu kilichoungua. "Basi kwa huyu ndoa haipiti," akasema. "Walii yuko hai. Ama aje, ama aweke wakili."

Nahodha wa boti akatuma neno kwamba maji yameanza kukupwa. Ndani kilio kikapanda. Nilitamani tope linimeze, si ndimo alimozaliwa baba.

Aliyetuokoa ni rafiki yangu, muuguzi wa zahanati, Mkristo kutoka bara, mwenzangu wa kucheza bao. Akasema, "Si mumpigie huyo mgonjwa?" Mtandao Mbuchi unashika kwa kuchagua, na siku ile ulichagua kibaraza cha zahanati. Basi shehe, mashahidi wawili, bwana harusi na mimi tukakimbia na kanzu zetu tumezinyanyua, watoto nyuma yetu wanashangilia.

Baba mdogo akapokea. Shehe akamweleza. Kisha akamuuliza anamweka nani kuwa wakili wake.

"Huyo huyo," simu ikajibu.

"Unajua si damu yenu?"

"Shehe, toka siku aliyoshuka tunajua. Marehemu kaka alituambia, huyu mtoto wa yule wa mtumbwini, hana kwao, mpeni kiwanja, na msimwambie kitu akajiona mgeni. Mimi ndiye walii, nimemweka yeye wakili wangu. Ila mwambieni asiweke simba kwenye khutba."

Mashahidi wakacheka, wakasema wamesikia. Tukarudi mbio mkekani. Nikaushika tena mkono wa bwana harusi, na safari hii nilipofika kwenye "kwa uwakili wa walii wake" sauti ilinikatika. Watu wakadhani nimechoka kukimbia. Waache wadhani. Nilikuwa nafikiria kiwanja, mpunga, sahani za wali, na shuka ya mzee niliyemgeuza muua simba, kumbe alifanya kubwa kuliko simba. Vigelegele vya kwanza vilitoka kwa bibi yule yule.

Boti liliondoka likikwaruza tope, lakini liliondoka.

Baadaye tukakaa na yule muuguzi kwenye kibaraza chake, mabakuli ya pilau mapajani. Nikamwambia, haya, nicheke basi, maana siku nzima hujanicheka. Akatafuna, akatafuna, akatazama kule kwenye mikoko.

"Nimezalisha watoto hapa mpaka nimesahau hesabu," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu. Kesho natafuta mtumbwi."