Mstari Uliomezwa

Majirani wa Somanda, mjini Bariadi, walimjua Nyamizi kwa mpunga wake mzuri, na kwa kuwa alifundisha fizikia sekondari. Wachache walijua kwamba aliwahi kukaa Ujerumani miaka minne akipima joto la kitu ambacho kipimajoto hakikigusi. Kilikuwa kipande cha alumini, chembamba kuliko karatasi, kilichopigwa na mwanga wa leza kikageuka plazma: maada iliyobanana karibu kama bado ni chuma, lakini yenye joto la kutisha. Haikudumu hata kufumba jicho. Ilichoacha ni eksirei zake, zilizochora mistari kwenye filamu. Atomi zilizopoteza elektroni nyingi zilikuwa na mstari wao, na zilizopoteza chache mstari wao. Kwa kulinganisha ukali wa mistari hiyo miwili, Nyamizi aliweza kusema joto lilifika wapi. Jibu lake likachapwa jaridani, naye akarudi nyumbani.

Mwaka 1995, msimu wa pili tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua pamba, alipokea bahasha posta. Profesa wake wa zamani alimweleza kwamba watafiti wengine wamepata joto la chini kuliko lake. Alimwomba aangalie tena, akamwekea nakala za filamu.

Nyamizi alikaa nazo dirishani, Jumamosi tatu, na lenzi na rula. Ile ya tatu akaona. Mstari wa zile atomi zilizopoteza elektroni chache, aliokuwa ameutegemea, ulikuwa mnene kuliko inavyopaswa na katikati yake pamefifia. Plazma yenyewe ilikuwa imemeza sehemu ya mwanga ule kabla haujatoka. Ndiyo maana mstari wa zile zilizopoteza nyingi, ukilinganishwa nao, ulionekana mkali mno, na yeye akaandika joto lililozidi. Pembeni palikuwa na mstari mwingine wa atomi zilezile, hafifu, usiomezwa. Hakuwahi kuupima, kwa sababu aliudharau.

Alienda jikoni akapepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa, na hapo ndipo Josia, mumewe, aliyekuwa ametoka kuuza pamba, alipomkuta. Nyamizi alimweleza yote. Josia akauliza kama hawezi kujibu tu kwamba nakala hazisomeki vizuri.

“Mama Milembe, hiyo ndiyo kazi yako ya miaka minne.”

“Kazi yenyewe ilikuwa kujua joto, Baba Milembe. Na joto halikuwa lile nililoandika.”

Usiku ule Nyamizi alimwandikia profesa barua, akakiri kosa na kumwomba aupime ule mstari hafifu. Kesho yake Josia aliipeleka posta yeye mwenyewe.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Profesa aliupima ule mstari hafifu kwa mashine, na joto jipya likakaribiana na la wale watafiti wengine. Sahihisho lilichapwa kwa jina la Nyamizi, na chini yake, kwa herufi ndogo, Bariadi.

Desemba walilipeleka jarida kijijini Lingeka kwa baba yake Nyamizi, mzee Shigela. Alilishika kwa mikono miwili, akauliza limeandikwa nini. Nyamizi akamwambia kwa Kisukuma kwamba alikosea mahali, na sasa amesahihisha. Mzee akasema ni vema, kisha akauliza kama mvua imeshanyesha huko Bariadi.